Wali Uliolia Kwenye Nyumba za Mifereji

Fundi Giyem alikitandaza kitambaa juu ya meza ya mikutano, akakipima kwa utepe, akakikunja, akakitandaza tena na kukipima upande wa pili. Wake wa watumishi wa ofisi ya mifereji ya maji ya mashamba walikaa kwenye viti vya plastiki wakinywa chai na kungoja. Ilikuwa Jumatano, siku ya mkutano wao wa mwezi. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu na majani ya migomba nyuma ya ukumbi yalikuwa bado yanadondosha maji.

"Hakitoshi, Bu," alisema fundi.

Bu Prihastuti, yaani Mama Prihastuti kwa lugha ya huko, alikuwa mke wa mkuu wa ofisi, na kwa hiyo alikuwa mwenyekiti wa wake wote wa ofisi. Kitambaa alikinunua mwenyewe Solo: lesi ya rangi ya zambarau, jora la mwisho dukani. Muuzaji alimwambia kwamba Java nzima hakuna lingine kama hilo.

"Hakitoshi kwa nani?" aliuliza.

Fundi aliwatazama wanawake kwenye viti. Hakumtaja mtu. "Kwa jinsi walivyo," alisema.

Wening, mke wa karani wa hesabu za maji, alikuwa amekaa karibu na dirisha, na kutoka pale alimwona Bu Prihastuti akifikiri. Mtu mwingine angesema kwamba amenunua pungufu. Bu Prihastuti alifikiri mpaka akaipata njia ambayo ndani yake yeye hakukosea, muuzaji hakukosea, na kitambaa pia hakikukosea.

"Washonee wote kipimo kimoja," alisema.

"Kipimo kipi, Bu?"

"Kinachotosha kitambaa. Kitambaa hakiwezi kurefuka. Watu wanaweza kupungua, na miezi mitatu si haba."

Fundi akachukua chaki yake.

"Na mimi nipungue mpaka wapi, Bu?" aliuliza Bu Nunuk, mke wa dereva wa ofisi, mwanamke mnene na mcheshi. "Mimi hata nikiisha nyama, mfupa wenyewe mpana kama mlango."

"Mlango nao hupigwa randa, Bu Nunuk."

Wakacheka wote. Bu Nunuk alicheka kuliko wenzake.

Sababu ya kitambaa ilikuwa Siku ya Kartini. Kila mwaka, tarehe ishirini na moja Aprili, wanawake wa nchi hiyo huvaa kebaya, ile blauzi ya kubana mwili, juu ya kitenge cha batiki, kumkumbuka msichana wa zamani aliyeandika kwamba wanawake wasifungiwe ndani. Wake wa kila ofisi hupita kwa gwaride mbele ya mkuu wa wilaya na waamuzi hutoa alama. Mwaka uliopita wake wa ofisi ya mifereji walishindwa hata na wake wa ofisi ya mifugo, na Bu Prihastuti hakuwa amelisahau hilo.

Njia ya kupungua aliitoa siku hiyo hiyo. Wali uachwe. Asubuhi tango, mchana yai la kuchemsha, jioni kikombe cha unga wa kukoroga ambao mpwa wake Bu Prihastuti alikuwa akiuuza. Chai bila sukari.

Katika mji huo, kati ya Klaten na Solo, mtu aliyekula tambi, tempe za soya za kukaanga na ndizi juu yake, kama hajala wali, husema hajala, na watu humsikitikia. Kuacha wali kulikuwa ni kuacha kula. Yaliyobaki yalikuwa mapambo. Lakini hakuna aliyelisema hilo ukumbini, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mume.

Mume wa Wening aliitwa Pambudi. Alikuwa karani tangu siku waliyooana, na sasa mkuu wa kitengo chake alikuwa anastaafu. Jina la atakayeshika nafasi lingetolewa na mkuu wa ofisi, na ilijulikana kwamba mkuu wa ofisi huyakata mambo yake mezani, akila na mkewe.

"Ni miezi mitatu tu, Dik," alisema Pambudi, ambaye alimwita mkewe hivyo, mdogo wangu, kama waume wa huko wanavyofanya. "Miezi mitatu mtu anaweza."

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, wali ukaanza kulia.

Wening alikuwa jikoni na mama mkwe wake, Bu Warsi, ambaye aliishi nao. Mezani palikuwa na mboga za tui, tempe, pilipili ya kusaga, na kikapu cha wali kilichofunikwa kwa kawa. Wening alikuwa ameketi mbele ya yai lake. Sauti ilitoka chini ya kawa. Ilikuwa ndogo, sauti ya mtoto mchanga aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi.

Bu Warsi aliinua kawa, akatazama, akafunika.

"Wali unalia," alisema.

"Nausikia, Bu."

"Ni ule uliouacha wewe."

"Sijauacha. Sijaupakua kabisa."

"Basi ndio huo. Sasa wewe utotoni ukiambiwa maliza wali, usije ukalia, ulidhani mama yako anakuimbia?"

Hivyo ndivyo watoto wote wa huko wanavyoambiwa: maliza sahani yako, wali utalia. Mama huambiwa na mama yake, naye humwambia mwanawe. Wening mwenyewe alikuwa ameiweka sentensi hiyo tayari kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwa amempata. Sasa wali ulikuwa unalia, na wote wawili waliona ni jambo lililochelewa tu.

Pambudi aliporudi kwa chakula cha mchana, alikula fungu lake na fungu hilo halikuwa na neno. La mkewe liliendelea. Bu Warsi akamwambia mwanawe alile na hilo, kelele ziishe. Alilila. Likaendelea kulia tumboni mwake ofisini mpaka alasiri, akiwa amekaa mbele ya wakulima waliokuja kulipia maji. Wakulima walimpa pole. Hakurudia tena.

Wakajaribu kupika kidogo. Bu Warsi alipima mchele wa watu wawili, sufuria ikatoa wali wa watu watatu, na fungu la tatu likalia. Wakajaribu kumpa fungu hilo mzee mmoja anayepita na baiskeli kukusanya makombo ya wali kwa ajili ya bata wake. Alichukua siku moja, kesho yake akairudisha ndoo. Alisema bata hawalali, na bata wasiolala hawatagi.

"Wa kwako unalia?" Bu Nunuk aliuliza kutoka upande wa pili wa ua.

"Unalia."

"Wa kwangu unakoroma kwanza, ndipo unalia. Baba watoto anasema umenirithi."

Mwisho wa wiki wali ulikuwa unalia kwenye nyumba zote za watumishi, zile zilizopangwa mistari miwili kando ya mfereji mkuu, kila adhuhuri na kila magharibi. Wanaume wakakutana. Walilalamika kwamba hawapati usingizi wa mchana na kwamba watoto wanaofanya mitihani hawasikii wanachosoma. Mkuu wa ofisi aliwasikiliza wote, akasema jambo hili ni la jikoni. Ikaamuliwa madirisha ya majiko yafungwe wakati wa chakula. Mhandisi mgeni kutoka jimboni alipouliza ni kilio gani hicho, aliambiwa ni vyura. Akasema vyura wa upande huu wana huzuni, akarudi kwenye michoro yake.

Hakuna aliyeuliza wali ulikuwa unamlilia nani.

Kwenye mkutano wa mwezi wa pili palikuwa na mizani ukumbini. Ilikuwa mizani ya chuma ya kupimia magunia ya mpunga, imeazimwa ghalani, na kwenye pembe zake palikuwa bado na makapi. Wanawake walivua kandambili na kupanda mmoja mmoja. Bu Prihastuti alishika kipaza sauti, akasoma kila jina na kilichopungua. Aliyepungua alipigiwa makofi. Ambaye hakupungua aliimba wimbo mmoja mbele ya wenzake. Bu Nunuk aliimba, tena vizuri, akaongeza na ubeti ambao hakuombwa.

"Bu Nunuk, ungekuwa unashuka kama unavyopanda sauti, tungekwishashinda," alisema Bu Prihastuti.

Wening alipopanda, Bu Prihastuti alisoma, akasoma tena kwa sauti ya juu. Hakuna aliyepungua kama yeye. Aliitwa mbele. Alizungushwa taratibu ili aonekane pande zote.

"Tazameni kiuno," alisema Bu Prihastuti. "Huyu ana heshima kwa mumewe."

Makofi yalikuwa mengi. Wening hakuwa amewahi kupigiwa makofi tangu shule ya msingi. Aliporudi nyumbani njia nzima aliyasikia, na yai la siku hiyo aliligawa mara mbili, nusu akaiweka.

Tangu hapo alikuwa mtu wa bidii. Alijua kukata tango jembamba kiasi cha kuona kisu kupitia ndani yake. Alijifunza kunywa maji kabla ya kukaa mezani na baada ya kuondoka. Mikono yake ilianza kuwa ya baridi, na katika joto la mwezi wa tatu, watu wakijipepea, yeye alivaa sweta. Nywele zilijaa kwenye tundu la maji bafuni, akawa anaziokota kabla ya Bu Warsi kuingia. Akipanda ngazi za benki moyo ulimpiga hadi masikioni, na alipofika juu alikaa kwenye benchi la wazee.

Mambo mengine hayakuonekana. Alijua kila jirani anapika nini, kwa harufu, kabla sufuria haijachemka. Harufu ya kitunguu saumu kwenye mafuta ilimkasirisha hata akafunga mlango kwa kishindo. Pambudi alipokuwa anatafuna, aliutazama mfupa wa taya lake ukipanda na kushuka, akamchukia, kisha akaona haya kwa kumchukia, kisha akaenda kujitazama kwenye kioo pembeni. Alimwambia Bu Warsi neno ambalo mkamwana hamwambii mama mkwe. Bu Warsi alilisimulia neno hilo mtaani kwa utulivu, akaongeza kwamba mtoto wa watu anajitahidi sana.

Bu Nunuk mwezi huo aliacha kutania. Alipanda mizani, akaimba, akashuka bila kumtazama mtu. Wenzake waliona ni dalili nzuri.

Kisha Wening akapitisha siku zake.

Bu Warsi ndiye aliyegundua kwanza, kwa kuangalia kamba ya nguo. Ndoa ya mwanawe ilikuwa imefikia umri wa kuulizwa kila Idi, "Bado?", mbele ya wageni, sahani ya biskuti ikiwa mkononi. Alingoja. Ya pili nayo ikapita. Aliwaambia majirani wa mstari wa mbele, kisha wa nyuma, kisha akamwambia Wening.

"Nduk," alisema, akimwita kama mtu anavyomwita binti yake, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu harusi. "Una kitu humo."

Wening aliweka mkono tumboni. Palikuwa pameingia ndani kama bakuli. Alipasikiliza. Kulikuwa na kitu kama mvumo wa ganda la konokono, na kwa kuwa hakuwa amewahi kubeba mimba, alidhani mimba ndivyo inavyovuma.

Pambudi alirudi na maembe machanga, kwa kuwa wajawazito huyatamani. Wening aliyakata vipande vyembamba, akala kimoja. Bu Warsi alifungua sanduku lake la chini ya kitanda, akatoa mbeleko ya batiki ambayo alimbebea Pambudi, akaianika juani. Na wali ulipolia adhuhuri alisikiliza kwa namna nyingine.

"Unamwita mwenzake," alisema. "Uache uite."

Bu Prihastuti mwenyewe alifika kutoa hongera. Aliketi sebuleni, akasifu mapazia, akapangusa machozi kwenye kona ya jicho moja.

"Mtoto ni baraka," alisema. "Ila Mbak Wening, ninakuomba kama dada: usianze kula kwa watu wawili kabla ya tarehe ishirini na moja. Wewe nimekuweka mbele kabisa."

"Ndiyo, Bu."

"Mumeo ana bahati. Nitamwambia mkuu."

Adhuhuri moja, Bu Warsi akiwa ameenda msibani, Wening alikaa peke yake na kikapu cha wali. Aliinua kawa. Ule ulikuwa wali wa mchele wa Delanggu, mweupe, punje zimeshikana kidogo, unatoa mvuke wenye harufu ya jani la pandani. Ulikuwa unalia kwa kwikwi. Alichota donge dogo kwa vidole, na papo hapo wali wote ukanyamaza. Alilileta donge karibu na mdomo. Kikapu kizima kilikuwa kimya, kinangoja. Hapo Wening akasikia mlio wa kipaza sauti kinapowashwa, na jina lake likisomwa, na baada ya jina pakafuata kimya kirefu. Alilirudisha donge mahali pake na kulisawazisha ili lisijulikane. Wali ukalia upya, na safari hii yeye naye alilia, kila mmoja upande wake wa meza.

Aliamua kwenda kwa mkunga. Kama mtoto alikuwepo, angemuomba mkunga amwamuru kula, na amri ya mkunga ingekuwa na nguvu kuliko kipaza sauti. Hilo ndilo alilolitaka. Hakuwa na njia nyingine ya kupata ruhusa.

Mkunga Endah alimlaza, akambonyeza tumbo, akampa kikombe aende msalani, akangoja na kukitazama kipimo. Akampima na shinikizo la damu, mara ya kwanza na mara ya pili, kwa kuwa hakuamini mashine.

"Hakuna mtoto, Mbak."

"Lakini sipati siku zangu."

"Hupati kwa njaa. Mwili umefunga duka. Umeona hauna cha kumlisha mgeni, haukumkaribisha."

Wening alikaa kwenye ukingo wa kitanda akifunga vifungo vya sweta.

"Atakuja baadaye?"

"Ukila. Na usidhani ukila leo kesho duka limefunguliwa. Linaweza kukaa muda. Ukiendelea hivi, mifupa nayo itaanza kuliwa, na moyo huo ninaousikia hapa haunifurahishi hata kidogo." Aliandika kitu, akaweka kalamu, akainuka kufunga mlango. "Na huo unga mnaoukoroga nyinyi wa mifereji, mnaununua kwa nani? Binti yangu anaolewa mwezi wa sita na kebaya yangu haifungi."

Wening alimtajia jina la mpwa wa Bu Prihastuti.

Jioni alimwambia Pambudi. Walikuwa wamekaa barazani, na wali ulikuwa unalia ndani. Pambudi alitazama mfereji. Alikuwa akimpenda mkewe. Watu wote wa mtaa wangeapa kwamba anampenda.

"Mama tusimwambie kwanza," alisema. "Na nje tusiseme. Mkuu jana alinipigapiga begani."

"Na mimi nitakula lini, Mas?" aliuliza Wening, akimwita kaka, kama wake wa huko wanavyowaita waume zao.

"Baada ya sherehe."

"Mkunga amesema moyo."

"Siku chache tu, Dik. Umekwishafika." Alimshika mkono kwa upole. Aliusikia jinsi ulivyo baridi, akainuka, akaenda ndani kumtafutia soksi.

Siku ya Kartini jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Wake wa ofisi ya mifereji walisimama kwenye kiwanja cha wilaya ndani ya kebaya za zambarau za kipimo kimoja, nywele zimefungwa vishungi, Wening mbele kabisa. Bu Prihastuti alivaa lesi ya rangi ya dhahabu, aliyoinunua kando, kwa sababu mwenyekiti ni lazima atambulike. Ilikuwa na nafasi ya kutosha mabegani.

Mke wa mkuu wa wilaya alitoa hotuba. Alisema msichana yule wa zamani alitufungulia milango, na kwamba mwanamke wa leo anavuta pumzi kwa uhuru. Wake wa ofisi ya mifereji walipiga makofi kwa viganja tu, bila kuinua viwiko, kwa kuogopa mishono. Katikati ya hotuba Bu Nunuk alianguka. Alianguka bila kelele, kwa ubavu, akabebwa na watu wa Msalaba Mwekundu mpaka kwenye hema. Safu ikajisogeza na kuziba pengo vizuri mno hata waamuzi wakaongeza alama. Ofisi ya mifereji ikashika nafasi ya tatu. Zawadi ilikuwa saa ya ukutani yenye picha ya mkuu wa wilaya na mkewe, na Bu Prihastuti aliipeleka kwake kwa ajili ya usalama.

"Sasa kuleni," aliwaambia wanawake langoni, kwa ukarimu.

Jioni hiyo, kwenye mistari yote miwili, madirisha ya majiko yalifunguliwa. Wanawake walikula wali. Bu Nunuk alikula akiwa na bandeji kwenye nyusi, sahani baada ya sahani, kwa haraka na bila kusema, kisha akaenda nyuma ya nyumba akautapika, akarudi akaanza upya. Wali wake ulikuwa kimya. Wali wa kila nyumba ulikuwa kimya, isipokuwa mmoja.

Wening alikaa mezani. Bu Warsi alikuwa amempikia mchicha na mchuzi wa karanga, aliopenda tangu akiwa mchumba. Ruhusa ilikuwepo. Pambudi alikuwa amekaa mbele yake akitabasamu. Alitia donge mdomoni. Alilikalisha donge juu ya ulimi mpaka likapoa, akalitoa kwenye kiganja, akalitazama. Alijua kwamba akilimeza litakwenda kukaa mahali fulani, pajani au kiunoni, na watu wote watapaona. Alijua pia kwamba hilo ni jambo la kijinga. Alivijua vyote viwili, na cha kwanza kilikuwa na nguvu.

"Kesho," alisema.

"Hakuna haraka," alisema Pambudi.

Wali ukaanza.

Nafasi ya mkuu wa kitengo alipewa mtu kutoka wilaya nyingine. Mke wake alikuwa akiishi kwa wazazi wake pwani ya kaskazini, hakuwa amewahi kuhudhuria mkutano hata mmoja, na hakuna aliyejua kama ni mnene au mwembamba. Pambudi alirudi nyumbani na habari hiyo, na kwa kuwa hapakuwa tena na cha kuficha, alimwambia mama yake kwamba mtoto pia hayupo.

"Sasa nani atawaambia majirani?" aliuliza Bu Warsi.

Hakuna aliyewaambia. Wakajua wenyewe, tumbo liliposhindwa kutokeza.

Wali wa Wening sasa ulikuwa wali pekee unaolia kando ya mfereji, na kwa sababu hiyo ulisikika zaidi. Majirani walipokuwa na wao walivumilia, lakini sasa waliuona ni utovu wa adabu. Walipita barazani kuuliza, kwa sauti za chini, kama hakuna njia ya kuutuliza. Mke wa mhasibu alileta sufuria ya umeme yenye kifuniko kizito. Kilio kikawa cha mtoto aliyefungiwa kabatini, na Pambudi akasema afadhali cha kwanza.

Alasiri moja Wening alikuwa amechoka. Alikitoa kikapu cha wali chini ya kawa, akakikumbatia, akatembea nacho kutoka jikoni mpaka barazani na kurudi. Kilio kikapungua. Mbeleko ya batiki ilikuwa bado inaning'inia kwenye kamba, haikuwa na kazi. Aliichukua, akakifunga kikapu kifuani, akakipigapiga chini kwa kiganja, taratibu. Wali ulitoa kwikwi, ukanyamaza. Joto lake lilimwingia tumboni kupitia kitambaa, na kwa vile alikuwa na baridi siku zote, aliona ni raha.

Bu Warsi alitoka kuona kwa nini nyumba imetulia. Alimtazama mkamwana wake, akamkaribia, akalirekebisha fundo begani.

"Usimbebe upande mmoja," alisema. "Utapinda mgongo."

Ikawa hivyo kila siku. Bu Warsi alipika, wali ukalia, Wening akaubeba mpaka ulale, na wali uliolala ukapewa mzee wa bata, ambaye sasa aliupokea bila shida. Pambudi alipata usingizi wake wa mchana. Majirani wakarudi kuwa wema. Walipopita na vikapu vya soko waliuliza, "Amelala?", na Wening aliitikia kwa kichwa ili asiuamshe. Bu Nunuk, ambaye siku hizi alikuwa akikaa sana ndani, aliwahi kumwimbia wimbo mmoja kutoka upande wake wa ua, mpaka mwisho. Wening aliendelea na tango na yai. Mbeleko ilipokaza, mifupa ya bega lake ilionekana chini ya batiki.

Mwezi wa nane Bu Prihastuti alipita barabarani na mwavuli wake, akamwona Wening akitembea barazani, akasimama. Alipanda ngazi. Aliifunua mbeleko kwa kidole kimoja, akachungulia. Wali ulikuwa umelala, mweupe, umejaa hadi kingo za kikapu, unatoa mvuke kidogo.

"Mzuri," alisema. "Amenona."

Kisha akaifunika, akarudi nyuma hatua, akamtazama Wening kuanzia juu mpaka chini, pande zote.

"Na wewe," alisema, "baki hivyo hivyo."